Naomba ushauri: mstari mweusi kwenye ukucha wa mguu

Mwana wa Same: Wakubwa zangu, shikamooni. Nina miaka 44, na ukucha wa kidole gumba cha mguu wangu wa kulia una mstari mweusi usiouma. Naomba kufahamu dawa ya kupaka, kwa kuwa ile ya fangasi niliyouziwa dukani haijasaidia.

Bi Mkubwa wa Pangani: Marahaba, mwanangu. Mume wangu aliangukiwa na jiwe, ukucha ukawa mweusi kwa miezi mingi, kisha ukang'oka wenyewe. Viatu vya kubana navyo huwaumiza, lakini ukimwambia mwanamume anunue vipya, utadhani umemdai mahari mara ya pili.

Muuguzi Mstaafu: Damu iliyovilia husogea mbele kadiri ukucha unavyoota, lakini mstari usiosogea ni jambo jingine. Sisi weusi wengi huwa na mistari ya namna hiyo kwenye vidole kadhaa, na haina neno. Wa kutiliwa shaka ni ule ulio kwenye kidole kimoja, unaopanuka, au ambao weusi wake umevuka ukucha ukaingia kwenye ngozi. Wako ulianza lini, na umevuka?

Mwana wa Same: Una mwaka na nusu. Umevuka kidogo.

Muuguzi Mstaafu: Nani ameuona?

Mwana wa Same: Niseme ukweli. Mwezi wa tatu daktari alitaka kukata kipande kikapimwe maabara kama ni melanoma, yaani aina ya saratani ya ngozi, nami sikurudi. Marehemu baba mdogo alikatwa uvimbe na hakumaliza mwaka, maana chuma kikigusa ugonjwa huo unasambaa. Isitoshe, binti yangu anaolewa mwezi ujao, na mzee wa mizizi nimekwisha kumlipa nusu.

Mpanda Ngazi: Hadithi hii naijua. Kidole gumba cha mguu wa kulia, melanoma chini ya ukucha, mgonjwa anakataa kisu: huyu ni Bob Marley, aliyegundulika mwaka 1977 na kufariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Mleta mada ameondoa gitaa akaweka harusi. Tena saratani ya ngozi ni ya wazungu na ndugu zetu wenye ualbino, ambao huunguzwa na jua.

Muuguzi Mstaafu: Ikiwa ametunga, ametunga jambo linalotokea. Kwa watu weusi melanoma ni nadra, lakini ikija hupenda mahali ambapo jua halifiki, yaani nyayo, viganja na chini ya kucha, na kwa kuwa hakuna anayetazama nyayo zake, hugunduliwa ikiwa imekwisha kuenea. Kipande cha kupima hakiisambazi. Huenda baba mdogo alifikishwa kwenye kisu akiwa amechelewa. Mimi hugeuza nyayo zangu mbele ya kioo kila mwisho wa mwezi.

Bi Mkubwa wa Pangani: Nimezimulika za mzee kwa tochi ya simu. Nimekuta mwiba tu, nadhani ni wa tangu Ramadhani.

Mwana wa Same: Sijatunga, na gitaa sijui kulipiga. Nimepima kwa rula ya mtoto: mstari una upana wa milimita 4, na kwenye ngozi weusi umeingia milimita 3. Harusi haiahirishwi, lakini Moshi naweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Je, kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC hupokea mtu asiye na barua ya rufaa?

Muuguzi Mstaafu: Anza kwa yule daktari uliyemkimbia, akuandikie barua kesho. Tumezoea kukimbiwa.