Tupeane uzoefu: Uliyewahi kuvaa kilti huko Uskoti, watu walikupokeaje?

Mtanga wa Glasgow

Habari zenu wadau. Uzi huu nauanzisha kwa sisi tunaoishi Uskoti, ila yeyote anakaribishwa. Kilti mnaijua: lile vazi la sufu la wanaume, marinda nyuma, urefu unaishia magotini. Mambo ya mitindo tuwaachie wenyewe. Mimi nataka tuongelee kitu kimoja kilichonibadilishia maisha hapa: ukiivaa, watu wanakusalimia.

Nimelelewa Tanga, mahali ambapo ukipita mbele ya baraza la watu kimya kimya, kabla ya magharibi mama yako ameshapata habari. Nilipofika Glasgow, mwaka mzima nilipanda basi lile lile, saa ile ile, na watu wale wale, na hatukujuana hata kwa sura. Wala si watu wabaya, wa huku ni wachangamfu kweli. Lakini asubuhi ya baridi kila mtu yuko na simu yake.

Kilti ya kwanza niliazimwa, ya kuendea harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Baadaye nikapata yangu kwenye duka la mitumba, sufu nzito ya kijani na buluu ya giza, tartani (ile miraba ya kitambaa, ambayo nyingi ni za koo fulani) inayoitwa Black Watch. Hiyo huvaliwa na mtu yeyote, haiulizi ukoo. Jumamosi ya kwanza nimesimama kituoni, bibi mmoja akanitazama sana, akavua glavu, akasema, "Subiri kidogo, mwanangu." Kumbe pini niliichoma ikashika mapande yote mawili ya mbele, yale yanayopandana. Inatakiwa kushika pande la juu peke yake, vinginevyo nguo haichezi ukitembea, na sufu inaweza kuchanika. Akaichomoa, akaichoma upya, halafu akaulaza ule upindo kwa kiganja kama mama anavyomweka sawa mtoto kola ya shati la shule. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa baridi. Basi lilipofika tukakaa pamoja, akanihadithia kilti ya baba yake hadi nikapitiliza kituo changu.

Tangu siku hiyo nina mtu wa kumsalimu kituoni. Wiki asipoonekana, namuulizia.

Haya, leteni na zenu.

Mwanafunzi, Dundee

Kaka, umenigusa. Mimi natoka Kisumu. Miezi minane niko maabara na wenzangu, ni "hai" na "bai" basi. Tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, chuo kikafanya keili, yaani ngoma yao ya jumuiya. Nikakodi kilti. Kuna mchezo unaitwa Strip the Willow: mnapanga mistari miwili, unashikana mkono na mwenzako mnazunguka, kisha unapokewa na wa pili, wa tatu, mpaka mwisho wa mstari. Hakuna wa kukaa pembeni. Ukizunguka, yale marinda yanafunguka nyuma yako, unasikia uzito wake ukikuvuta. Ni nguo inayojua ngoma.

Jumatatu yake watu waliniita kwa jina langu, tena walilitamka sawasawa. Walikuwa wameuliziana wapate kulijua.

Mhudumu wa Edinburgh

Wakuu, naomba nilete upande wa pili, maana mgeni akisoma hapa ataona yote ni asali.

Nilifanya kazi hoteli moja ambapo kilti ilikuwa sare yetu. Usiku mmoja kulikuwa na kundi linasherehekea, mimi nimebeba trei ya glasi kwa mikono miwili, mtu akaniinua nguo kwa nyuma. Meza nzima ikacheka. Sikuweza kujifunika, ningeachia glasi. Nilipomweleza msimamizi akasema ndiyo kazi ilivyo. Angekuwa mhudumu wa kike kainuliwa sketi, tungeambiwa hivyo? Niliacha kazi ndani ya mwezi.

Na lile swali ambalo kila mvaa kilti huulizwa, "ndani umevaa nini", ndugu zangu, tuache kuliuliza hata kwa utani. Siku zangu binafsi bado naivaa, kwa sababu naipenda. Lakini navaa kaptura ndani, na nikikaa kwenye baa natafuta kiti cha ukutani.

Mtanga wa Glasgow

Pole sana mkuu. Ahsante kwa kulisema wazi. Hilo ni udhalilishaji, liitwe hivyo hivyo.

Mama Wawili, Aberdeen

Mimi mvaaji ni mume wangu, lakini faida imenifikia na mimi. Alipoinunua sikujua kuipiga pasi. Yadi nane za sufu, marinda mengi, nilikaribia kulia. Nikabisha hodi kwa jirani ambaye miaka miwili tulikuwa tunapishana kwenye ngazi tu. Akaja na sindano yake. Akanionyesha: kwanza unashikiza kila rinda kwa uzi, unatandika kitambaa kibichi juu, ndipo pasi, na usiiburute, unaibonyeza. Tulimaliza saa tano usiku na birika tatu za chai. Sasa funguo zangu za akiba anakaa nazo yeye.

Mvaa Kikoi, Lamu

Huku kwetu mwanamume na kikoi chake au msuli ni jambo la kila siku, hata mtu hageuki kukutazama. Nina swali, sheikh: wenyewe hawachukii kuona mgeni amevaa vazi lao?

Mtanga wa Glasgow

Swali zuri. Mimi sijakutana na aliyechukia. Mzee mmoja kazini alinieleza kwamba baada ya vita vya Culloden, ambapo jeshi la serikali liliwashinda waasi wa huku, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1746 kuwapiga marufuku wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti kuvaa nguo hizi, isipokuwa askari. Kosa la kwanza kifungo miezi sita, la pili unasafirishwa ng'ambo miaka saba. Sheria ikafutwa mwaka 1782. Alipomaliza akaniambia, "Kwa hiyo ukiivaa kwa heshima, mimi nafurahi." Ila kuna tartani ya Balmoral, hiyo ni ya familia ya kifalme, usiiguse. Siku hizi Masingasinga wana tartani yao, Waislamu pia wana yao.

Mara mbili nimesimamishwa na watu waliowahi kufika Arusha, wakaniuliza kama miraba hii si ya shuka la Wamasai. Hapo mazungumzo yanakuwa marefu, na mimi ndiye mwenyeji.

Mkuu Mhudumu, treni ya kutoka kwako mpaka huku haifiki hata saa moja. Jumamosi ukiwa huna zamu njoo na kilti yako, tupande basi langu. Ila pini ichome vizuri, bibi ataikagua.