Tunaitwa wajumbe wa baraza la afya, lakini kazi yetu imebaki kusaini mahudhurio

Ndugu wanajukwaa,

Mimi ni mjumbe wa baraza la afya la eneo letu, ninayewawakilisha watumiaji wa huduma, na ninaandika nikiwa na hasira niliyotoka nayo katika kikao chetu cha mwisho. Kabrasha la bajeti tulikabidhiwa mlangoni tukiwa tunaingia ukumbini, majedwali matupu yasiyo na maelezo, na kabla sijafika hata nusu yake mwenyekiti alikwisha kuuliza kama tunaipitisha. Niliposimama kuuliza kwa nini fungu la dawa limepunguzwa ilhali wagonjwa wanarudi nyumbani na cheti mkononi bila dawa, nilijibiwa kwamba hilo ni suala la kitaalamu, nilisubirishe hadi kwenye mengineyo. Mengineyo yalipofika, muda ulikuwa umekwisha. Baadaye ukaja muhtasari unaosema kwamba wajumbe walijadili kwa kina na kuridhia kwa kauli moja.

Hiyo kauli moja ndiyo iliyoniuma kuliko yote, kwa sababu jina langu limo katika orodha ya waliohudhuria, na mgonjwa atakayekosa dawa kesho akiuliza nani aliridhia, ataonyeshwa jina hilo.

Tamko la Alma-Ata la mwaka 1978, lile la kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, lilitamka wazi, katika fungu lake la 4, kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kupanga kumetajwa kwanza. Sisi tunaitwa mpango ukiwa umekwisha kuchapwa na kugongwa muhuri.

Wala nisiambiwe habari ya utaalamu. Sikuomba kumpangia daktari dozi. Nilichouliza ni fedha zimekwenda wapi, na hakuna anayejua zaidi ya mgonjwa ni saa ngapi dirisha la dawa hufungwa, nani hurudishwa, na kwa lugha gani. Huo nao ni ujuzi, na ndio pekee ambao wakuu wa idara hawawezi kuupata wakiwa ofisini.

Wapo walioliwekea jambo hili sheria yenye meno. Nchini Brazili, sheria ya Desemba 1990 iliwapa watumiaji wa huduma nusu ya viti katika mabaraza ya afya, ikayapa mabaraza hayo mamlaka ya kuamua, na ikaweka sharti kwamba manispaa isiyo na baraza haipokei moja kwa moja fedha za afya kutoka serikali kuu. Sidai kwamba huko hakuna matatizo. Lakini mtu anayejua kwamba fedha zinategemea kuwapo kwa baraza hawezi kulichukulia kama pambo. Kwetu hata hao wanaoitwa wawakilishi wa wananchi, baadhi yao waliteuliwa na ofisi ileile wanayotakiwa kuihoji.

Nimekwisha kuandika barua kukataa kuthibitisha muhtasari huo, nikitaka swali langu liandikwe kama nilivyouliza na lijibiwe kwa maandishi. Sijajibiwa. Wenzangu mlio katika mabaraza kama haya, ninyi hupewa makabrasha siku ngapi kabla ya kikao, na je, yupo aliyewahi kufanikiwa kusahihishiwa muhtasari? Alianzia wapi?