Naomba ushauri: mguu wa mama na damu iliyoganda

Habari za jioni ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 61, tuko Ujiji. Mwezi jana alirudi na basi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 1,000 amekaa tu. Kesho yake mguu wa kushoto ukavimba, huo mmoja tu, ndala ikagoma kuingia, na ukigusa kigimbi unasikia joto.

Jirani alitaka kumchua kwa mawese ya moto. Nilikataa, na namshukuru Mungu, maana ultrasaundi ilionyesha damu imeganda kwenye vena ya ndani. Daktari akasema kipande kikichomoka kinaweza kufika kwenye mapafu.

Sasa anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3, lakini kinapanda na kushuka. Tumeambiwa mboga za majani ale kiasi kilekile kila siku, kwa sababu zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Mama bila kisamvu hajala!

Mnaouguza wagonjwa wa hivi, mboga mnazipimaje nyumbani? Na kuna aliyesafiri na mgonjwa kwa treni hadi Tabora akiwa kwenye dozi? Kuna msiba huko, ameng'ang'ania kwenda, nami naogopa.