Kündigung (barua ya kuvunja mkataba wa nyumba) imekataliwa, na mkataba una majina mawili

Mama Salma, Dortmund
Wanajumuiya, habari za jioni. Nimepata nyumba karibu na kazi mpya, nikawaandikia Hausverwaltung, wasimamizi wa nyumba, kwa barua pepe tangu tarehe mosi kwamba tunahama. Kimya. Leo ndiyo wananijibu: haina Schriftform (karatasi yenye sahihi), na tena mkataba umesainiwa na watu wawili. Wa pili ni baba Salma, yuko Tanga anamuuguza mama yake. Swali langu: akisaini huko, akaipiga picha akanitumia, nikaichapa na kusaini chini yake, wataipokea? Mwezi unayoyoma.

Juma, Bremen
Pole dada. Kündigung ya nyumba haiendi kwa barua pepe wala WhatsApp. Sheria yao ya madai, BGB, kifungu cha 568: karatasi na sahihi ya kalamu. Tuma kwa Einschreiben mit Rückschein, barua ya rejista yenye risiti ya mpokeaji, uwe na ushahidi.

Mwalimu, Leipzig
Juma, usimpoteze mwenzio. Wasipokuwepo ofisini, tarishi anaacha kikaratasi, barua inalala posta, na hapo hesabu haijaanza. Mimi nilimpa jirani aisome kabla sijafunga bahasha, tukaenda wote mpaka kwenye sanduku lao la barua, akaniona naitumbukiza. Kwenye nakala yangu akaandika tarehe na saa, akasaini. Walipodai hawajaiona, nikawatajia shahidi, maneno yakaisha.

Na mama Salma, iwafikie kabla siku ya kazi ya tatu ya mwezi haijapita. Ikichelewa hapo, umejiongezea kodi ya mwezi mzima. Jumamosi haihesabiwi.

Bi Zuhura, Hamburg
Jumamosi INAHESABIWA, Mwalimu. Unachanganya na siku ya kulipa kodi, huko ndiko Jumamosi haimo. Mahakama yao ya juu, BGH, walishayaamua yote mawili. Mtu analipa nyumba mbili kwa ajili ya majibu kama haya.

Mwalimu, Leipzig
Haya. Basi asiingoje hiyo Jumamosi.

Babu Kheri, Frankfurt
Wanangu, mbona mnajitesa? Awatafutie Nachmieter, wapangaji wa kumrithi, watatu. Wakiwakataa wote, anaondoka zake, hadaiwi kitu.

Bi Zuhura, Hamburg
Shikamoo Babu. Hayo ya Nachmieter watatu tunayasikia miaka yote na hayamo katika sheria. Kama mkataba hautaji Nachmieter, kwa kawaida mwenye nyumba halazimiki kumpokea yeyote.

Kitakachomsumbua ni rangi. Mimi walitaka nipake nyumba nzima, na niliingia nikaikuta ina matundu ya misumari na alama za kabati la mtu mwingine. Mieterverein, chama cha wapangaji, wakawaandikia barua moja tu: tangu hukumu ya BGH ya 2015, aliyepokea nyumba haijapakwa na asilipwe fidia yoyote halazimishwi kuipaka. Wakanywea. Kaution, ile amana, ndiyo waliikalia, eti wanasubiri hesabu ya Nebenkosten, gharama kama za maji na joto.

Juma, Bremen
Nyumbani ungemkuta mwenye nyumba barazani, ukamwambia mzee mwisho wa mwezi natoka, mkaagana. Hapa hata kuhama unahitaji shahidi.

Dada Achieng, Berlin
Juma, umesahau kodi ya miezi sita mbele? Toka katikati uone kama hela inarudi! Hapa Kaution haizidi Kaltmiete (kodi tupu bila Nebenkosten) ya miezi mitatu, tena inatakiwa ikae akaunti ya peke yake. Baraza nalikumbuka, lakini tusipake asali.

Babu Kheri, Frankfurt
Ndiyo maana nasema tuchukue pasi zao. Tangu Juni 2024 Ujerumani hawamlazimishi mtu kuacha uraia wake wa zamani. Wanaotukatalia ni Dodoma.

Dada Achieng, Berlin
Sisi Wakenya tunao uraia pacha tangu katiba ya 2010, Babu. Njooni tuwafundishe.

Mwalimu, Leipzig
Msianze. Mara ya mwisho uzi huu ulifungwa kwa ajili ya uraia.

Mama Salma, Dortmund
Asanteni nyote, ya rangi nimeyashika. Lakini hiyo sahihi ya picha ya baba Salma, itakubalika au la?

Juma, Bremen
Kuna aliyesema mume anaweza kumpa mkewe Vollmacht, idhini ya maandishi ya kusaini kwa niaba yake. Sijui kama nayo lazima iwe ya kalamu.

Bi Zuhura, Hamburg
Vollmacht wanataka halisi. Ukiambatisha nakala wana haki ya kuikataa Kündigung yenyewe, mradi waikatae upesi.

Babu Kheri, Frankfurt
Mama Salma, nyumba hiyo unayoiacha ina vyumba vingapi? Nina mpwa wangu Dortmund anatafuta, ana Schufa (rekodi ya madeni) safi.