MJADALA: Bastola kwenye begi la kijana wa Marekani, apekuliwe mtoto au lifungwe kabati la baba?

Fundi_Saa (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna takwimu imenikaa kooni, na kwa kuwa wengi humu tunalea watoto huku Marekani, nimeona niilete tuichambue. Mwaka 2022 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa watu wa Boston College. Walipitia majibu ya vijana karibu laki tatu wa miaka 12 hadi 17, waliohojiwa kwenye dodoso la taifa la kila mwaka kuanzia 2002 hadi 2019. Swali lenyewe jepesi: ndani ya miezi 12 iliyopita, umetembea na bastola mara ngapi? Miaka ya mwanzo waliokiri kubeba walau mara moja walikuwa asilimia 3.3. Miaka ya mwisho, asilimia 4.6.

Mtasema hilo halina jipya, nchi imejaa silaha. Ngojeni kidogo. Walioongezeka ni akina nani? Si yule mnayemwona kwenye taarifa ya habari, kofia ya jaketi kichwani, polisi wamembana ukutani. Walioongezeka zaidi ni watoto wa Kizungu, watoto wa vijijini na watoto wa nyumba zenye kipato kizuri. Kwa watoto Weusi, Wenyeji wa asili na wa familia za kipato cha chini, ubebaji ulishuka.

Sasa angalieni nguvu zimeelekezwa wapi. Mwaka 2011 pekee polisi wa New York walisimamisha watu njiani zaidi ya mara 685,000, wengi wao vijana Weusi na wa asili ya Kilatino. Waliokutwa na bunduki hawakufika hata mmoja kwa kila mia. Mwaka 2013 jaji wa mahakama ya shirikisho akasema namna ile ya kupekua inavunja katiba.

Hoja yangu ni hii. Sheria ya shirikisho tangu 1994 inakataza aliye chini ya miaka 18 kumiliki bastola, ukiacha mambo machache kama uwindaji na kazi za shamba. Muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21. Basi bastola iliyomo kwenye begi la mtoto wa miaka 15 haikuota humo. Imepita kwa mtu mzima: aliinunua, aliiazimisha, aliibiwa, au aliisahau chini ya kiti cha gari. Tuache kupekua mabegi, twende kwenye kabati la baba. Karibuni mnipinge.

Mama_Wawili

Nakupinga, kaka yangu, tena bila kusita.

Mwanangu wa kidato cha pili kila asubuhi anavua mkanda, anaweka simu na funguo kwenye trei, anapita kwenye mashine ya kukagua chuma. Foleni inatoka hadi nje, hata kwenye mvua. Namwona kutoka garini anavyoshikilia suruali kwa mkono mmoja. Inaudhi? Sana. Siku moja mashine iliharibika. Saa mbili kasorobo nikapata ujumbe: "Mama, leo tumepita tu." Nikamjibu vizuri, si ndiyo mmewahi darasani? Akaandika: "Njoo unichukue."

Wewe unaniambia kwenye mitaa yetu ubebaji umeshuka. Asante. Lakini hao waliobeba mara moja kwenda kulenga makopo na babu yao shambani, utafiti wako umewahesabu sawa na anayebeba kila siku kwa sababu wa mtaa wa pili wamemwapia. Asilimia ya wanaobeba na idadi ya wanaozikwa ni vitu viwili. Mwaka 2020 risasi ziliwapita ajali za magari na kuwa chanzo cha kwanza cha vifo vya walio na umri wa mwaka 1 hadi 19 nchi hii. Sasa kaangalie katika vijana waliouawa, watoto Weusi wa kiume ni wangapi. Ukishaangalia ndipo urudi uniambie niiondoe mashine.

Fundi_Saa

Dada, hapo kwenye kuhesabu umenishika. Ni kweli, dodoso lile haliulizi ulibeba kwa nini. Lakini mashine ipo mlangoni mwa shule. Mtaa wa pili je?

Mama_Wawili

Mtaa wa pili hauna mashine. Shule ndiyo saa saba pekee ninazopumua. Usininyang'anye.

Porini_Tu

Niongee mimi wa vijijini maana naona tumeshakuwa washtakiwa.

Huku nifanyako kazi na ng'ombe, mtoto wa miaka 14 kuwa na bastola kiunoni siku ya kukagua uzio ni jambo la kawaida. Kuna nyoka, kuna mbwa mwitu wadogo, kuna mnyama aliyevunjika mguu ambaye huwezi kumwacha anateseka. Hata hiyo sheria ya 1994 inaruhusu, mzazi akitoa idhini ya maandishi. Chuo Kikuu cha Washington waliwafuatilia vijana kama elfu mbili wa miji 12 midogo kwenye majimbo saba, tangu wakiwa na miaka 12 hadi 26. Karibu theluthi moja walikuwa wamewahi kubeba bastola. Mjini hiyo ni habari. Huku hakuna aliyenyanyua kichwa kwenye chai yake.

Kwa hiyo mleta mada, hilo ongezeko lako linaweza kuwa ni watoto wanaofanya kazi na wazazi wao. Ugonjwa uko wapi?

Kalamu_Nyekundu

Mkuu Porini_Tu, swali lako CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walishaliuliza kwa namna nyingine. Dodoso lao la wanafunzi wa sekondari tangu 2017 linamwambia mtoto waziwazi: usihesabu siku ulizobeba kwa ajili ya kuwinda au michezo ya shabaha. Ukishaondoa hayo yote, kwa mwaka 2017 na 2019 bado mvulana mmoja katika kila 15 alisema amebeba bunduki, na msichana mmoja katika kila 50. Hao hawakuwa wanafuata nyoka.

Na kijijini mtoto hauawi na genge, hilo nakubali. Anajimaliza mwenyewe, kimya, usiku ambao pengine angeuvuka akaamka salama. Wanaojaribu kujiua kwa bunduki, karibu tisa katika kila kumi hufa. Kwa njia nyingine nyingi wengi huokolewa, na walio wengi katika waliookolewa hawafi kwa kujiua baadaye. Sefu haimponyi mtoto huzuni. Inamnunulia muda.

Porini_Tu

Hilo la mwisho silibishii. Tumemzika mmoja. Tuendelee.

Sheria_Kavu

Mnazungumzia kabati kama vile ni ushauri nasaha. Michigan wameshalipeleka gerezani.

Kwa ambao hawakufuatilia: tarehe 26 Novemba 2021 James Crumbley alimnunulia mwanawe wa miaka 15 bastola ya milimita 9. Siku nne baadaye mtoto akaua wanafunzi wenzake wanne katika Oxford High School. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja kwa kesi yake, walikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia. Kila mmoja kifungo cha miaka 10 hadi 15. Haikuwahi kutokea Marekani wazazi kuhukumiwa hivyo kwa mauaji ya halaiki yaliyofanywa na mtoto wao shuleni. Mwezi Februari mwaka huohuo jimbo likaanza kutumia sheria ya kufungia silaha nyumba yenye mtoto.

Mimi nasema mia kwa mia: mzazi afungwe. Mkiona jirani amekwenda ndani, sefu zitanunuliwa hadi ziishe madukani.

Mama_Wawili

Umeacha kipande kimoja, ndugu Sheria. Asubuhi ya siku ile mwalimu aliona michoro ya yule mtoto, bunduki na damu. Wazazi wakaitwa, wakakataa kumchukua nyumbani. Begi lake lilikuwepo palepale ofisini, bastola imo ndani. Hakuna aliyefungua zipu. Mtoto akapewa begi lake akarudi darasani.

Zipu moja tu, Fundi_Saa. Wewe unataka tuache mabegi.

Fundi_Saa

Nimesoma mara mbili. Nafuta lile neno "tuache". Nilipaswa kusema tusianzie hapo. Begi lile lilipofika ofisini, kabati lilikuwa limeshashindwa.

Kalamu_Nyekundu

Sheria_Kavu, kufunga wazazi mimi kunanitia wasiwasi. Akina Crumbley walitetewa na mawakili na bado wameanguka. Atakayefuata atakuwa nani? Mama anayelea peke yake, shifti mbili, bastola aliinunua kwa sababu mlango wake ulivunjwa mara mbili. Mtoto akiichukua akampiga mwenzake, mama ndani, watoto wengine kwa walezi wa serikali. Ule mkono uliokuwa unabana vijana ukutani utahamia kubana mama zao. Florida ilitunga sheria ya aina hii tangu 1989, majimbo mengi yakafuata, na bado tunaongea leo.

Sheria_Kavu

Kufuli si anasa. Tangu 2005 sheria ya shirikisho inamlazimisha muuzaji kukupa kufuli unaponunua bastola. Kamo ndani ya boksi. Kukafunga ni sekunde kumi.

Kalamu_Nyekundu

Kumlazimisha akupe, ndiyo. Kukulazimisha ukafunge, hapana. Hilo kila jimbo na lake. Umejibu nusu.

Kijana_wa_Juzi

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 19, nimesoma huku. Samahanini, mnaongea kabati na begi, hakuna aliyeuliza kichwa cha mtoto kina nini.

Nikiwa na miaka 15 sikuwahi kubeba. Ila nilikuwa natembea hivi: mkono kwenye mfuko wa mbele wa sweta, nashikilia kitu kwa nje kama wanavyoshika. Ilikuwa ni chaja ya simu. Ile kubwa, ya mraba. Nikipita kwenye kundi nisilolijua naigusa. Na nina hakika nusu ya lile kundi walikuwa na chaja zao.

Baadaye chuoni nikakutana na utafiti wa Boston uliotoka 2011, nikacheka peke yangu maktaba. Wanafunzi wa sekondari waliokiri kubeba bunduki walikuwa kama asilimia 5. Walipoulizwa wanadhani vijana wangapi mtaani kwao wanabeba, wakasema karibu theluthi moja. Na aliyedhani wengi wanabeba ndiye aliyekuwa na uwezekano mkubwa wa kubeba mwenyewe. Hebu fikirieni: ukweli ni mmoja katika ishirini, hofu inasema mmoja katika watatu. Chaja yangu ilikuwa kwenye hesabu ya mtu. Kuna dogo aliniona akaenda kutafuta ya kweli, labda.

Kwa hiyo mama, mashine yako inamtuliza mwanao, naamini. Lakini kila asubuhi pia inamwambia kuna wenye nazo kwenye foleni hii.

Mama_Wawili

Marahaba mwanangu. Umenikata maini na sijui nikujibu nini. Ngoja nipike kwanza.

Porini_Tu

Chaja! Haya, dogo kamaliza.

Sheria_Kavu

Hajamaliza. Huyo dogo aliyekwenda kutafuta ya kweli aliipata wapi?

Mama_Wawili

Nimerudi. Swali la Sheria ndilo. Naomba kuuliza kitu kidogo, mjibu kwa ukweli. Mtoto wako akialikwa kulala kwa rafiki yake, nani humu amewahi kumuuliza mwenye nyumba: mna silaha, na mmeifungia? Mimi nauliza mzio, nauliza mbwa, nauliza bwawa la kuogelea. Hilo sijawahi. Naona aibu.

Fundi_Saa

Mimi nimewahi, mara moja. Nilizunguka kama dakika tano, hali ya hewa, mpira, ndipo nikauliza. Yule bwana hakukasirika hata kidogo, akasema twende nikuonyeshe. Chumbani kwake sefu nzuri, nzito, imefungwa kwa nati sakafuni. Akaigonga kwa ngumi nisikie uzito wake.

Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari, pembeni yake.

Mtoto alilala nyumbani. Nilimwambia yule bwana ana homa.

Porini_Tu

Mkuu, umeniumbua. Wangu uko kwenye droo ya soksi na wanangu wote wanajua. Nakwenda kuuhamisha, nikirudi tubishane vizuri kuhusu nyoka.

Mama_Wawili

Nenda. Mashine lakini siiachi.