Mastodon: wenzetu wako wapi?

Wa South B:
Habari za jioni ndugu zangu. Tangu X (zamani Twitter) izuiwe Tanzania Mei 2025, dada zangu walioko Dodoma hawasomi tena ninachoandika. Nimefungua akaunti Mastodon, mtandao wa kijamii unaoendeshwa na seva nyingi tofauti, nikatafuta "Watanzania Nairobi", sikuambulia kitu. Kuna seva ya kwetu, au nimebisha nyumba isiyo na mtu?

Dada wa Kilimani:
Karibu, mdogo wangu. Hiyo seva ya Watanzania wa Nairobi achana nayo. Seva ni mahali akaunti inapokaa tu, kama barua pepe: ya kwako iwe Ujerumani, ya rafiki yako Kanada, mtasomana, maana zote zinatumia ActivityPub, yaani kanuni moja ya kuwasiliana. Ndiyo maana anwani ina @ mbili, moja mbele ya jina na nyingine mbele ya seva. Ukimpa mtu jina bila seva, huenda asikupate.

Ukimya unaousikia ni wa kawaida. Pale hakuna mtambo wa kukuchagulia cha kusoma. Usipofuata watu, ukurasa unabaki mtupu. Kutafuta maneno ndani ya machapisho kuliingia na toleo 4.2 mwaka 2023, lakini machapisho ya wengine hutokea iwapo wenyewe wameruhusu na seva imewasha huduma hiyo. Kwa hiyo nenda na hashitegi: #Nairobi, #Tanzania, #Kiswahili. Hashitegi yenyewe unaweza kuifuata kama unavyomfuata mtu.

Ila seva huonyesha yaliyoifikia. Kwenye seva ndogo ambayo hakuna anayefuata Waswahili, #Kiswahili itakuwa na machapisho mawili matatu ya zamani. Ukimpata mmoja anayeeleweka, fungua orodha ya anaowafuata. Mimi nilianzia kwa mtu wa ramani za OpenStreetMap, na kupitia kwake nikawapata wengi wa hapa hapa mjini. Weka pia utambulisho wenye #introduction, uubandike juu ya ukurasa wako. Akaunti isiyo na picha wala maelezo watu huipita.

Kabla hujatulia, soma kanuni za seva na uangalie nani anaigharamia. Nyingi zinaendeshwa kwa kujitolea, na msimamizi akichoka anafunga. Ukihama, wafuasi unakwenda nao. Machapisho yanabaki kule.

Dada zako hawalazimiki kujiunga. Watumie kiungo cha ukurasa wako, kwa kawaida machapisho ya wazi yanasomeka kwenye kivinjari.

Mzee wa Ngong Road:
Wanangu, ujumbe wa faragha wa Mastodon haujasimbwa mwanzo hadi mwisho. Msimamizi wa seva yako anaweza kuusoma, na wa seva ya unayemwandikia pia. Namba ya pasipoti au mambo ya kibali cha kazi msiyapitishe huko. Michango ya misiba nayo ibaki WhatsApp, mweka hazina wetu hana nguvu ya kujifunza kitu kipya.

Wa South B:
Shikamoo mzee, nimekusikia. Dada, asante. Na ule mtandao mwingine, Bluesky, je?

Dada wa Kilimani:
Bluesky, iliyofunguliwa kwa wote Februari 2024, ni rahisi kuanza. Kuna orodha za watu zilizopangwa tayari, unabonyeza mara moja unawafuata wote. Lakini watumiaji wengi bado wako kwenye mitambo ya kampuni moja, kwa hiyo uhuru wake mimi siusifii sana. Kaa Mastodon, kisha fuata @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy. Hilo ni daraja: walioko Bluesky wataweza kukusoma na kukujibu. Wewe utawaona wale tu waliokubali kuunganishwa.