Mjadala: Kazi ikikuchosha hadi mfupani, uache mwaka mzima upone au uvumilie?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu kanipigia juzi usiku analia. Yuko mwaka wa tatu kazini na anataka kuandika barua ya kuacha, wala hana kazi nyingine mkononi. Anasema anahitaji mwaka mmoja wa kulala tu. Nyumbani wamegawanyika: mama anasema aache, kaka anasema asithubutu. Wote wananitazama mimi, kwa sababu nilishafanya hivyo.

Nilikuwa afisa mikopo hapa Dar kwa miaka tisa. Anayeijua kazi hiyo anajua: mwisho wa mwezi ni tageti, katikati ya mwezi ni kufuatilia marejesho, na Jumamosi uko Mbagala au Buza unagonga mlango wa mtu asiyepokea simu. Kuchoka hakukunitisha, nani hachoki? Kilichonitisha ni mama ntilie mmoja aliyeniambia mwanawe amelazwa, akaomba wiki moja tu. Nikamjibu, "Hayo hayahusiani na rejesho," nikageuka nikaondoka. Nilipofika kituoni kusubiri daladala ndipo nikagundua sikuwa nimehisi chochote. Si huruma, si aibu. Mimi, niliyesomeshwa kwa maandazi ya mama yangu.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu huu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, kwa alama tatu: nguvu kukuishia, moyo kujitenga na kazi yako, na kuona huwezi tena hata yale uliyoyamudu. Ile ya pili nilishaijua kwa sura ya yule mama.

Nikaacha. Nilikaa nje miezi kumi na moja. Miwili ya kwanza nilikuwa kwa mama Moshi, nalala, naamka, nakula, nalala. Wa tatu nikaanza kumfuata shambani kuchuma maharage. Wa tano nilicheka kwa sauti, mama akatoka jikoni kuja kutazama kuna nini. Nilipona, hilo sitalikana.

Lakini kodi ya chumba nilichoacha vitu Dar iliendelea kudai. Bima ya afya ilikatika. Deni la bodi ya mikopo, lile la masomo yangu ya chuo, lilikuwa palepale. Na mdogo wangu, huyuhuyu anayelia leo, aliahirisha chuo mwaka ule kwa sababu ada yake ilikuwa inatoka kwangu. Nilipoanza kutafuta kazi, kila usaili waliniuliza, "Miezi kumi na moja hii ulikuwa wapi?" Nikawa nasema nilikuwa namuuguza mama. Mama alikuwa mzima kabisa, na mpaka leo uongo ule unaniuma.

Kwa hiyo nauliza. Mtu asiye na akiba tumwambieje? Na gharama ya mapumziko haya ibebwe na nani: yeye, ukoo, mwajiri, au mfuko wa hifadhi ya jamii tunaouchangia kila mwezi?

Mwalimu mstaafu, Iringa

Binti yangu, pole sana. Nimeisoma habari yako mara mbili. Nimefundisha miaka 34, nikiwa na darasa la watoto zaidi ya mia, na nakuelewa unaposema moyo ulijitenga. Hata hivyo namwambia mdogo wako asiache. Mshahara wa mtoto aliyefanikiwa kwetu si wake peke yake, na wewe mwenyewe umeonyesha: ulipopumzika wewe, mwingine alitolewa chuo. Ana siku zake 28 za likizo kila mwaka kwa mujibu wa sheria. Azichukue zote, aende mbali, azime simu. Vijana wengi huziuza au huziogopa.

Muuguzi, Mwanza

Mzee wangu, shikamoo. Siku 28 nilizichukua mwaka jana, zote. Nilirudi nimenenepa kidogo. Usiku wa kwanza wodini tulikuwa wauguzi wawili, wagonjwa walewale wengi, na kufika Ijumaa nilikuwa nimeshachoka kuliko nilivyoondoka. Nampenda aliyeleta mada kwa ukweli wake, ila naomba tuangalie na upande huu: mwenzangu alipoacha kazi akapumzike, zamu zake tuligawana sisi. Hakuna aliyeletwa badala yake. Yeye alipona, mimi nikaanza kusahau kama nimeshampa mgonjwa dawa au la. Mnaongea mapumziko, mimi naongea idadi ya watu kwenye zamu. Mkimpumzisha mtu mwaka mzima na kumrudisha kwenye moto uleule, mmefanya nini?

Mchangiaji, Mombasa

Huku kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya ugonjwa ya siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha chini, waajiri wengine huongeza. Lakini nani hupona haya kwa siku 14? Mimi niliacha kazi kwa sababu hiyo, na sikushauri mtu anifuate bila akiba ya miezi sita.

Afisa rasilimali watu, Dar

Dada, kabla mdogo wako hajaandika hiyo barua, nakuomba asome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Likizo ya ugonjwa Tanzania Bara ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hiyo ni miezi minne, na ajira inabaki. Akiacha mwenyewe, kiinua mgongo hakuna, na fao la kukosa ajira si la aliyejiondoa. Nimeona watu wakitupa yote haya kwa karatasi moja waliyoiandika usiku.

Tatizo liko kwa daktari. ICD-11 imeutaja uchovu huu, ndiyo, lakini kama hali inayohusiana na kazi, si kama ugonjwa. Mwajiri anataka ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzishwa kazi, yenye ugonjwa unaotambulika. Wengi waliofikia hatua ya kulia usiku na kukosa usingizi, wakichunguzwa vizuri hukutwa na sonona au wasiwasi uliopitiliza, na hayo ni magonjwa. Tatizo hawaendi. Wanaona haya kuingia kliniki ya afya ya akili, wanaona afadhali kuacha kazi.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Umegusa kidonda na sina la kukujibu kuhusu ule mwaka wa chuo. Muuguzi wa Mwanza, nimekusikia, na naamini unachosema ndicho kigumu kuliko vyote hapa. Mkuu wangu wa tawi naye aligawa tu kazi zangu kwa waliobaki.

Lakini hili la siku 126 limeninyima usingizi. Miaka tisa nimefanya kazi, nimesaini mkataba, na sikuwahi kulijua. Nilimaliza akiba yangu yote, nikamkatisha mdogo wangu masomo, nikadanganya kwenye usaili, wakati miezi minne ilikuwepo kisheria na ningeweza hata kuomba likizo bila malipo juu yake. Sisemi miezi minne ingetosha. Wa tano ndio nilicheka. Lakini ningeanza nikiwa bado na bima, na daktari angenipa jina la ninachoumwa.

Kwa hiyo msimamo wangu umehama. Kuacha kazi kuwe mlango wa mwisho, na mlango wa kwanza uwe hospitali. Na wenye vyama vya wafanyakazi humu, hizi siku ziwekwe ukutani ofisini kama zinavyowekwa tageti.

Nimeomba ruhusa kesho, nampeleka mdogo wangu kwa daktari. Barua alikuwa ameshaichapa. Nimemwambia anikabidhi, na sasa iko kwenye mkoba wangu.